Majina Niliyoyaacha Uwanjani

Mimi ni fundi redio, mzaliwa wa Kilosa, na sasa naishi Mikumi. Sikusomea uandishi wa habari popote, wala hakuna chumba cha habari kilichowahi kuniajiri. Nimeandika habari za michezo tangu ujana kwa mapenzi tu, kwa nauli ya mfukoni mwangu na kwa saa nilizozipunguza kwenye ufundi. Wapo wanaoniita mwandishi, nami huitikia, lakini najua kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu sikustahili kuitwa hivyo. Niliandika sana na nikaona kidogo. Nataka kueleza nilivyofunguliwa macho, kwa sababu huenda wewe unayesoma uko pale nilipokuwa, na nisingependa ukae huko muda mrefu kama nilivyokaa mimi.

Baba alikuwa kibarua wa matengenezo ya reli. Kilosa ya utotoni mwangu ilikuwa mji wa reli: Reli ya Kati inapita hapo, na hapo ndipo linapochepuka tawi linalopita Mikumi hadi Kidatu. Nyumbani tulikuwa na redio moja, na jioni majirani walikuja kukaa kibarazani kuisikiliza. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi Radio Tanzania ilipotangaza kwamba Filbert Bayi ameshinda mbio za mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, kwa muda wa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Ilikuwa Februari 1974. Baba hakuwa amesoma, lakini alinitaka niziandike namba hizo kwenye daftari la shule, kisha akanifanya nizisome kwa sauti kwa kila mgeni aliyekuja. Mwaka uliofuata timu ya Mseto ya Morogoro ikatwaa ubingwa wa Tanzania, nikaandika na hilo. Mwaka 1980 timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilipokwenda Lagos kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, nilikuwa kijana tayari. Niliandika yote: tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Daftari lile nililitunza kuliko cheti changu cha darasa la saba.

Nilipomaliza shule nikajifunza ufundi redio kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni. Kazi ile ilinifaa, kwa sababu redio ikishapona lazima uijaribu, nami nilizijaribu zaidi saa za mpira. Sauti za watangazaji Ahmed Jongo na Charles Hilary zilinikuta mezani nikiwa na bisibisi mkononi. Walipotangaza, ungedhani umekaa jukwaani Uwanja wa Taifa. Nilitamani kuwa wao. Sitaki kuficha: sikutamani tu kuipenda michezo kama wao, nilitamani kujulikana kama wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magazeti ya binafsi yalipoanza kuwa mengi, nikaandika makala kwa mkono, nikamkabidhi kondakta wa basi la Dar es Salaam bahasha yenye anwani ya gazeti moja. Siku ilipochapishwa nilisoma jina langu mara nyingi kuliko nilivyosoma makala yenyewe. Nikaukunja ule ukurasa, nikauweka mfuko wa shati, nikatembea nao mpaka ukakatika kwenye mikunjo. Tangu hapo nikawa mtu mwenye kiu.

Niliandika nini? Niliandika Simba na Yanga. Nilikaa Kilosa na kuandika kuhusu timu za Dar es Salaam kwa kusikiliza redio, nikieleza kocha alikosea wapi na beki alipaswa kusimama wapi, katika mechi ambazo sikuziona. Nilipopata fedha nilisafiri. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, nilipanda treni kwenda kuitazama ikicheza na Stella Abidjan. Walikuwa wametoka suluhu ugenini, na nchi nzima iliamini kombe linabaki. Tulifungwa 2-0 nyumbani. Nililia pamoja na wengine, nikarudi na makala ndefu. Nilipofika Kilosa nikakuta watu wanazungumzia fainali ya mashindano ya kata iliyochezwa nikiwa safarini. Sikuuliza nani ameshinda. Halikunijia hata wazo la kuuliza.

Morogoro mjini nilikwenda mara kwa mara, Uwanja wa Jamhuri, kuitazama Reli ya Morogoro tuliyoiita Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyozisumbua timu kubwa. Mtibwa Sugar ya Turiani ilipotwaa ubingwa mwaka 1999 na kuurudia mwaka 2000, niliandika kwa fahari kwamba mkoa wetu umeinuka. Lakini hata hapo nilikuwa nimesubiri mpaka wakubwa wa Dar es Salaam watazame upande wetu ndipo nami nitazame.

Na kulikuwa na bahasha. Anayeijua kazi hii anajua ninachosema. Kiongozi wa timu anakuita pembeni baada ya mechi, anakupa kitu anachokiita nauli, na hakuambii uandike nini. Hana haja ya kukuambia. Nilikuwa na watoto, na ufundi redio ulikuwa unashuka kwa sababu redio za bei nafuu zilikuwa zimejaa madukani na mtu akiharibikiwa ananunua nyingine. Nilipokea. Nikawa naandika vizuri kuhusu waliotoa na kwa kifupi kuhusu wasiotoa. Nilijiambia kwamba kila mtu anafanya hivyo. Moyo ulikufa ganzi taratibu, hata nikaacha kusikia maumivu.

Wakati huohuo, karibu na nyumbani kwangu, palikuwa na kijana aliyecheza winga ya kushoto. Mchana alibeba mizigo, alasiri alicheza pekupeku. Akipata mpira pembeni, watu waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama. Nilimtazama kwa miaka kadhaa, nikashangilia kama wengine, kisha nikarudi nyumbani kuandika kuhusu kikosi cha Yanga. Mungu akanipa mboni ya jicho yenye uzima nami nikaitumia hivyo. Kijana yule aliugua, akafa bado mbichi. Nilikwenda mazishini. Nilichanga, nikatupa udongo kaburini, nikarudi kwenye meza yangu, na hata siku hiyo sikuandika neno.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua zilinyesha mfululizo na Mto Mkondoa ukavunja kingo zake. Maji yaliingia mjini na katika vijiji vya karibu, nyumba za udongo zikayeyuka, na maelfu ya watu wakakosa pa kulala. Reli ya Kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe. Mji uliozoea kuamshwa na treni ukakaa kimya kwa miezi. Familia nyingi zilihamia kwenye mahema, na yangu ilikuwa mojawapo. Kibanda cha ufundi kilikwenda na redio za watu zilizokuwa ndani. Niliokoa gunia moja lililokuwa juu darini limefungwa kwa nailoni, nalo lilikuwa na madaftari yangu. Mke wangu aliniangalia nikilibeba gunia lile wakati yeye amebeba mtoto na sufuria, wala hakusema kitu.

Kambini nilikuwa nimekaa nje ya hema jioni moja, akaja mama mmoja. Nilimtambua: ni mama wa yule winga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni."

"Poleni na nyie."

Akakaa chini, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe si ndiye unayeandika mpira kwenye magazeti?"

"Ndimi, mama."

"Picha ya mwanangu imekwenda na maji. Nilikuwa nayo hiyo moja tu. Sasa nimekumbuka kwamba wewe ulikuwa unakuja kumtazama akicheza. Nimeona nije nikuulize, kama kuna mahali ulimwandika, unikatie hicho kipande nikae nacho."

Nilimwambia nitatafuta. Nilijua pale pale kwamba hakuna, lakini sikuweza kumtamkia. Usiku nikafungua gunia, nikapekua kwa mwanga wa tochi. Nilikuta vikosi vya Simba na Yanga vya miaka mingi, mpaka wachezaji wa akiba waliokaa benchi na hawakuingia. Nilikuta majina ya Waafrika Magharibi niliyojifunza kuyaandika kwa kuyasikiliza redioni. Nilikuta ile dakika 3:32.16 kwa mwandiko wa kitoto. Jina la jirani yangu, ambaye nilimtazama kwa macho yangu mwenyewe kuliko mchezaji yeyote duniani, halikuwemo hata pembeni mwa karatasi.

Ndugu yangu, usiku ule niliyaona maisha yangu. Nilielewa kwa nini baba alinifanya niisome ile rekodi ya Bayi kwa wageni. Kibarua wa reli wa Kilosa alijisikia mkubwa kwa sababu mtu fulani huko Christchurch alipima muda kwa uangalifu na mwingine akautangaza kwa usahihi. Sisi wa Kilosa tulipewa zawadi hiyo na watu tusiowajua. Mimi niliyejaliwa kalamu na macho sikumpa mtu yeyote wa Kilosa zawadi kama hiyo. Nilikuwa nimeandika ili nionekane mimi.

Asubuhi nikamfuata yule mama hemani kwake. Nikamwambia ukweli wote, kwamba sikuwahi kumwandika mwanawe. Nilitegemea anilaumu, na nilikuwa tayari kwa lawama. Hakunilaumu. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kalamu bado unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi kaa hapa nikwambie."

Alianza kusimulia, akaja aliyekuwa kipa wa timu ile, akaja mjomba wa marehemu, wakaja vijana waliocheza naye. Kila mmoja alikuwa na lake. Walieleza alivyopiga kona kwa mguu wa kushoto, alivyogombana na refa halafu akaenda kumwomba radhi nyumbani kwake, alivyokataa kuvaa viatu alivyonunuliwa kwa sababu alisema hausikii mpira. Walibishana kuhusu mechi moja waliyocheza na vijana wa mashamba ya mkonge ya Kimamba: wengine walisema ilikwisha 3-2, wengine 2-1. Niliyaandika yote mawili na majina ya waliosema. Nilipomaliza mama akaniomba nisome. Nikasoma. Akanisimamisha mwanzoni kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekosea jina la baba wa marehemu. Akanirekebisha kwa upole, nikafuta, nikaandika upya. Kisha akanimiminia uji kutoka kwenye mgawo wake. Nilikunywa nikiwa nimeinamisha uso.

Sikustahili uji ule. Mtu aliyepoteza mwana, nyumba na picha alinipa chakula na akanipa kazi, mimi niliyekuwa sina cha kumpa. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu neema, lakini siku ile ndipo nilipoionja. Yale makaratasi mama aliyafunga kwenye nailoni, akayaweka ndani ya Biblia yake.

Ningependa kukuambia kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Nilianza kwenda viwanja vya karibu na kuandika majina, nikagundua kwamba ni kazi ngumu kuliko kuchambua mechi ya Taifa. Timu za mitaani hazina orodha. Wachezaji wanajulikana kwa majina ya utani, na wenzao hawajui hata jina la ukoo la mtu waliyecheza naye miaka mitano. Nilipowauliza majina yao kamili, wengine walikataa wakidhani nimetumwa na mtendaji wa kata kukusanya michango. Mvua ikinyesha wino unatiririka. Mwamuzi hana saa, kwa hiyo dakika ya bao hakuna anayeijua. Nilizoea kuletewa kila kitu na redio, sasa ilinibidi nitazame mwenyewe, na macho yangu yalikuwa mavivu.

Magazeti nayo hayakutaka. Nilituma habari za mechi za kata zikawa hazitoki, na sikuwalaumu wahariri, kwa maana wana kurasa chache na wasomaji wa nchi nzima. Lakini jina langu lilipotea magazetini, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Kuna miezi niliyorudi kuandika za Simba na Yanga ili nione tu kama bado wananikumbuka. Na bahasha niliikataa, kisha nikaipokea tena mwaka mmoja wa njaa, kisha nikaikataa. Nayasema haya ili ukianguka usidhani uko peke yako. Nilirudi kwa Mungu nikiwa na aibu, naye akanipokea, kama alivyonipokea yule mama.

Aliyeniinua sana wakati huo ni mwalimu mstaafu aliyesimamia michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kwa miaka mingi. Alisikia kwamba ninaandika majina, akaniita kwake. Akanionyesha madaftari yake: watoto waliokimbia, waliorusha, walioruka, shule walizotoka, muda na umbali wao. Alikuwa ameyafanya hayo tangu enzi za Mwalimu Nyerere, bila malipo na bila kusifiwa. Akanifundisha utaratibu. Kwanza andika tarehe na uwanja. Kisha majina matatu ya kila mchezaji, uliyoyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe. Kisha matokeo, waliofunga, waamuzi, na hali ya uwanja. Maoni yako yaje mwisho, na kama nafasi imekwisha, uyaache. Alinipa na saa yake ya kupimia mbio. Nilimwambia sina cha kulipa. Akasema naye alipewa.

Jambo jingine lilitokea nyumbani. Nilipozoea kuuliza watu maswali ya uwanjani, usiku mmoja nikamuuliza mke wangu kama naye aliwahi kucheza. Akacheka kwa mshangao. Akaniambia alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya shule yake, na alichaguliwa kwenda mashindano ya mkoa. Akataja majina ya wenzake wote, mmoja baada ya mwingine, na nafasi walizocheza. Tulikuwa tumelea watoto pamoja, naye alikuwa amenivumilia nikisimulia mechi za watu wengine kila siku ya ndoa yetu, na sikuwahi kumuuliza. Nilichukua daftari nikaandika. Mwaka ule wa 2010 ndipo timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilipocheza fainali za Afrika kule Afrika Kusini, nami nilikuwa mtu wa michezo nisiyewahi kusimama kando ya uwanja wa wasichana. Tangu hapo mpira wa pete una kurasa zake kwenye madaftari yangu, na mke wangu ndiye msahihishaji.

Baadaye tulihamia Mikumi kutafuta riziki. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, unapotoka tu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, na hapa ndipo inapochepuka njia ya Kidatu na Ifakara. Malori na mabasi hayakomi, na simu, ving'amuzi na redio za magari huharibika, kwa hiyo fundi hakosi kazi. Michezo nayo haikosi. Vijana wa bodaboda wana timu, wauza vitunguu na wauza nyama wana timu, madereva waliolala njiani hucheza na wenyeji. Wanapigania mbuzi, na jioni mbuzi huliwa na wote, walioshinda na walioshindwa. Bado narudi Kilosa kila ninapoweza, kwa barabara ya vumbi inayopita Ulaya, kijiji chetu chenye jina kubwa. Wakati wa masika njia hiyo humtesa mtu, lakini huko nako wanacheza, na mimi nimechelewa sana kuwaandika.

Je, madaftari yamemsaidia mtu? Nitaeleza jambo moja. Kwenye mashindano ya vijana, timu moja ilikata rufaa ikidai kwamba kijana wa wapinzani ni mamluki, kwamba ameletwa kutoka mbali na umri wake umepunguzwa. Kijana alikuwa yatima, hana cheti cha kuzaliwa wala mzazi wa kumsemea. Alikuwa amesimama anatetemeka. Nikakumbuka jina. Nilikwenda nyumbani kwa pikipiki, nikarudi na madaftari, na mbele ya kamati nikafungua kurasa: huyu hapa, amekimbia mita mia moja akiwa darasa la tano, shule iko hukuhuku, mwalimu wake ni huyu. Mwaka uliofuata huyu tena, darasa la sita. Mwalimu akapigiwa simu, akathibitisha. Rufaa ikatupwa na kijana akacheza. Sikumbuki vizuri mechi ilikwishaje, ingawa nimeiandika. Nakumbuka kijana alivyoniomba alione jina lake, akaliwekea kidole.

Mwaka 2016 ilipopitishwa Sheria ya Huduma za Habari, na sifa za elimu zikawekwa kwa anayetaka ithibati ya uandishi, kijana mmoja aliniambia mbele za watu kwamba mimi sasa si mwandishi. Niliumia. Mtu wa darasa la saba mwenye mvi hawezi kuanza kutafuta stashahada. Lakini nilipolipeleka jambo hilo katika maombi, nilijikuta nina amani. Taaluma ina haki ya kuwa na masharti yake, nami ninayajua madhara ya mwandishi asiye na malezi. Ninachofanya ni kutunza kumbukumbu za majirani zangu. Shule zikitaka matokeo ya miaka iliyopita nawapa. Kata ikiandaa mashindano natoa orodha. Vijana wa redio ya jamii wakitaka kuthibitisha jina wanapiga simu, wao wanasoma hewani, mimi nasikiliza kwenye meza ya ufundi.

Mei 2025 nilikuwa kwenye meza hiyo hiyo niliposikia kwamba Charles Hilary amefariki. Niliweka bisibisi chini. Nilikumbuka wivu niliokuwa nao kwa sauti ile nikiwa kijana, nikaona kwamba umeondoka wote, imebaki shukrani. Alinipa Uwanja wa Taifa wakati sikuwa na nauli ya kufika huko.

Septemba mwaka huohuo Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Vijana waliokuwa kibandani kwangu walishangaa jinsi kitu kidogo hivyo kinavyoweza kuonekana. Niliwaambia kinaonekana kwa sababu yupo mtu aliyekubali kukaa mstari wa mwisho na kazi yake ni kutazama tu. Nikawaonyesha na lile daftari la 1974.

Kama wewe unapenda michezo na kalamu inakuwasha, sikukatazi Simba na Yanga. Mimi bado ninazisikiliza na moyo bado unaruka. Nakusihi tu utazame pia uwanja uliopo karibu na kwenu, kwa maana wa Dar es Salaam wana wengi wa kuwaandika, na wale wa kwenu huenda wana wewe tu. Chukua daftari la kawaida. Uliza majina matatu. Usipokee kitu kabla ya kuandika wala baada. Ukikataliwa na gazeti, usiitupe karatasi, kwa sababu mwenye haja nayo anaweza kuja baada ya miaka kumi. Na kama umekwisha kupoteza miaka, kama mimi, nenda kwa waliobaki uwaombe wakusimulie. Nimewakuta ni wepesi wa kusamehe kuliko tunavyowadhania.

Mimi bado sijafika. Kiu ya kuonekana hunirudia, na hata kuandika ushuhuda huu nimejichunguza mara nyingi. Kwa hiyo naomba jambo moja. Ukipita Mikumi, uliza kibanda cha fundi redio mwenye madaftari. Kama uliwahi kucheza Kilosa, Kimamba, Ulaya, Mikumi au Kidodi, omba kuona ulipoandikwa. Ukikuta jina lako halimo, au nimelikosea, niambie. Kalamu ninayo, na nitashukuru kusahihishwa.